Cherehani Iliyouzwa Muhumba

Binti yangu amenunua cherehani ya miguu kwenye mnada huko Ulaya anakoishi, akaing'oa kichwa, akaweka juu ya ile miguu ya chuma kipande cha marumaru, na juu ya marumaru akaweka taa. Kanitumia picha kwenye simu. Chini yake ameandika kwamba ni kitu cha zamani halisi, kwamba watu waliigombania sana, na kwamba yeye ndiye aliyewashinda wote. Sasa anangoja nimsifu. Siku nyingi zimepita sijamjibu, na yeye anadhani simu yangu imeharibika. Simu ni nzima. Nimenuna.

Najua hata wenzangu wa rika langu wameshikwa na homa hiyo hiyo. Nawaona hapa Bukavu, watu wazima na mvi zao, wakitafuta sahani za bati zenye maua, gramafoni zisizolia, picha za kuchora zenye fremu zilizoliwa na wadudu, magauni ya mikono mifupi ya wanawake waliokwisha kufa. Wanasema vitu vya wakati ule vilikuwa na heshima. Mimi vitu hivyo nilivikuta vikiwa bado vina jasho la wenyewe, na sivipendi. Nivumilieni nieleze kwa nini, halafu mwendelee kununua.

Kinachonirudisha kule ni harufu ya nafutalini. Nikifunguliwa kabati yenye vile vidonge vyeupe, mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe, maana ndio uliokuwa umeshika shati la baba yangu siku ya mnada wa Muhumba. Niliokuwa nao ni umri wa kujua kusoma na kutojua kitu kingine chochote.

Tulikaa Kadutu, kwenye kile kiteremko ambacho mvua ikinyesha kila mtu anapokea takataka za jirani wa juu. Baba alikuwa mlinzi wa ghala. Mama alibeba mizigo. Mashua zilipofika kutoka Minova na maharagwe, ndizi na mihogo, mama alikuwa pale ziwani na wenzake, na gunia likapanda mgongoni, na kamba ya gunia ikapita kwenye kipaji cha uso, na safari ya kupanda hadi soko la Kadutu ikaanza. Kamba ile ilikuwa imemchimbia mfereji kwenye kipaji. Jioni alipokaa kupika, jasho lilipita humo na kumwagikia pembeni, halikuingia machoni. Nilidhani wanawake wote huota mfereji huo wakishazaa, na nilikuwa najipapasa kipaji changu kuona kama wangu umeanza.

Lakini mama alijua kushona. Hilo ndilo lililonikera tangu nilipopata akili. Babu, baba yake, mkulima wa upande wa Walungu, alikuwa amemshika mkono mwenyewe akampeleka kwa masista kujifunza, wakati wanaume wenzake wakimcheka kwamba anapoteza mikono ya kulimia. Alipoolewa mjini, mama alishonea kwenye kibanda cha fundi mmoja sokoni, kwa mashine ya yule fundi, mpaka siku fundi alipoletewa mpwa wake kutoka kijijini na mama akaambiwa asante. Hapo ndipo alipochukua kamba. Baadaye shingo ikaanza kumuuma, akawa hawezi kugeuka bila kugeuza mwili mzima. Muuguzi wa zahanati akamwambia aache mizigo mara moja, ama sivyo mkono wa kushoto utakufa. Hakumwambia ale nini.

Sasa kuhusu baba. Zile zilikuwa siku za Zaïre, ambapo maduka ya wageni yalikabidhiwa wananchi, na waliokabidhiwa tuliwaita acquéreurs, na wageni wengi walifunga virago wakaacha nyumba zimejaa. Basi kila mara kulikuwa na mnada, au kama tulivyosema sisi, vente. Baba hakukosa. Alikuwa mtu mpole, hakutupiga, hakunywa kupita kiasi, lakini ukimwonyesha kitu kilichowahi kukaa katika nyumba ya Mzungu, akili ilimtoka. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa na kivuli cha taa cha hariri, na umeme hatukuwa nao. Ilikuwa na kijikoleo cha kushikia sukari, na sukari tuliiona Noeli. Ukutani, juu ya kitanda chao, alitundika picha kubwa ya mnyama mwenye mapembe amesimama katika theluji. Fremu ilikuwa imetokeza hadi mlangoni, na mama alikuwa anainamisha ile shingo yake mbovu kumpisha yule mnyama kila alipoingia na sufuria. Mpaka leo nikiona theluji kwenye picha nasikia hasira.

Ndipo zikaja habari kwamba nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kule Muhumba, mtaa wa Wazungu, itauzwa vitu vyote, na kwamba ndani kuna cherehani ya miguu. Mama alipopata habari hizo alikwenda mwenyewe kwenye kona ya kitenge alikofunga akiba ya mizigo yake, akaifungua, akamwekea baba mkononi.

"Papa, safari hii usiniletee picha," alisema. "Sitaki kikombe, sitaki vase. Leta mashini."

"Mashini nitaleta."

"Apa."

"Naapa, mama ya batoto. Weye sogeza tu kitanda pale kwa dirisha, itakaa mu mwanga."

Kabla sijawapeleka Muhumba, lazima niseme jambo moja kuhusu sisi na wakwe zetu, maana vijana wa leo wanapigiana simu na wakwe na kuitana majina. Baba na babu walikuwa hawasemezani. Kwenye sherehe ya ubatizo wa mdogo wangu, babu alimtazama mama akiingia na kuni, akauona ule mfereji, akasema mbele ya watu wote, "Mimi sikuzaa punda." Baba aliweka chini kikombe chake cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akatoka. Tangu siku hiyo babu hakukanyaga kwetu, na baba hakukanyaga kwao. Lakini kuchukiana hakukufuta adabu. Kwetu, mwanaume hamtazami baba mkwe machoni, hainui sauti mbele yake, wakikutana njiani anashuka kwenye majani, na hata siku moja hashindani naye mbele za watu. Na mkwe mkubwa naye ana yake, hawezi kumvua mume wa binti yake nguo hadharani, kwa sababu anakuwa amemvua binti. Mtu aliweza kumchukia mkwe wake hadi kaburini, ila alipaswa kumchukia kwa adabu.

Siku ya mnada baba alivaa abacost yake ya pekee, ile suti isiyovaliwa na tai, akanichukua mimi kwa kuwa mama alikuwa amekwenda ziwani kwa mzigo wa mwisho, na aliuita hivyo mwenyewe, mzigo wa mwisho. Tukashuka Kadutu, tukapita mjini, tukaingia Muhumba penye miti na kimya. Geti la ile nyumba lilikuwa wazi. Nilitegemea kuona kitu kitakatifu. Niliona watu wanapekua.

Vitu vyote vilikuwa vimetolewa kwenye majani. Makochi yalikuwa yamesimama nje juani kwa aibu. Magauni yalitundikwa kwenye kamba ya kuanikia, na wanawake walikuwa wanayageuza makwapa na kuyanusa, wakacheka, wakayaweka begani kupima. Kulikuwa na koti la manyoya, Bukavu, na bwana mmoja amelivaa akitokwa jasho huku wenzake wanampigia makofi. Kulikuwa na rundo la tai ambalo hakuna aliyeligusa, maana tai zilikuwa zimekatazwa na serikali, na watu walipita mbali nalo kidogo. Picha zilikuwa zimeegemezwa ukutani, wanawake wa Kizungu wanene wakiwa wametukodolea macho. Na juu ya kila kitu ile nafutalini. Nilidhani ndiyo harufu ya Wazungu wenyewe, kwamba imebaki baada ya wao kuondoka kama harufu ya chumba cha mgonjwa. Nikaficha pua kwenye shati la baba.

Muuzaji alikuwa huissier, dalali wa serikali, mtu mfupi mwenye sauti kubwa na kinyundo, amesimama kwenye baraza. Kitu kinatolewa, anataja bei, watu wanapandisha, anasema "une fois, deux fois," anagonga, kimekwenda. Baba alikuwa amenifundisha sheria zake njiani. Simama mbele. Usicheke. Na usigeuke kumtazama unayeshindana naye, kwa sababu anayegeuka ameonyesha hofu.

Cherehani ilipotolewa watu walisogea mbele. Ilikuwa nyeusi, na maua ya dhahabu shingoni, na droo ndogo pembeni, na miguu ya chuma iliyopindwa vizuri. Nakubali, ilikuwa nzuri. Nilimwona mama ameketi nyuma yake, kichwa kimenyooka, hana kamba.

Baba akainua mkono. Huissier akatazama nyuma yetu, akasema, "Muzee kule nyuma, sawa!" Baba akainua tena. "Muzee!" akasema huissier. Baba akainua, muzee naye akapandisha. Wengine waliokuwa wameanza nao waliacha mmoja mmoja. Bei ilikuwa imefika mahali ambapo nilisikia pumzi ya baba ikibadilika, lakini hakugeuka, na bado mkono ulipanda.

Mimi ndiye niliyegeuka. Na kule nyuma, karibu na geti, nilimwona babu yangu wa Walungu katika koti lake la kanisani, fimbo yake ikiwa hewani.

Fimbo ndiyo niliyoiona. Sikuelewa kwamba kwa fimbo ile alikuwa ananunua. Mtu mzima aliyesema sikuzaa punda, ambaye baba alitoka sherehe kwa ajili yake, sasa amekuja mpaka Muhumba na fimbo juu. Nikavuta shati.

"Papa, Babu iko pale nyuma. Anataka kutupiga."

Baba akageuka. Macho yao yakakutana, kitu ambacho hakikupaswa kutokea, na mkono wa baba ukashuka palepale. Fimbo nayo ikashuka. Baba akavua kofia, akapiga magoti kidogo, akapiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, jinsi wanavyosalimiwa wakubwa kwetu, katikati ya watu waliokuja kununua masufuria.

"Citoyen," akaita huissier, maana siku hizo kila mtu aliitwa mwananchi, "muzee amekupita. Unapandisha?"

"Hapana. Namwachia muzee."

"Basi muzee, iko yako. Une fois..."

"Hapana," alisema babu, akitazama chini. "Siwezi nyanganya mukwe wangu mbele ya bantu. Achukue yeye."

"Haya, citoyen, chukua."

"Nitachukua je kitu yenye mukwe alishataka? Iko yake."

"Muzee?"

"Nilishasema. Iko yake."

Watu wakaanza kucheka. Mtu mmoja akasema wapewe wote wawili, mmoja achukue kichwa na mwingine miguu. Huissier akapiga meza kwa kile kinyundo mpaka vikombe vikaruka.

"Hapa haiko mahari!" alifoka. "Hapa ni vente! Bote babili mutoke mu hii mashini. Naanza upya. Nani anaitaka bila kuomba ruhusa?"

"Mimi," akasema Maman Sifa.

Huyu Maman Sifa alikuwa mke wa acquéreur aliyepewa duka lenyewe la vitambaa. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilichokuwa bado hakijauzwa, anajipepea kwa kifuniko cha boksi. Hakuinuka. Bei ilianza upya kutoka chini, na hakuna aliyepandisha, maana nani ashindane na mke wa acquéreur. Wanaume wangu wawili walisimama, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kinyundo kikagonga. Aliipata kwa bei ambayo baba alikuwa ameipita zamani.

Sasa niulizeni kwa nini hawakuongea. Kwa nini mmoja hakusema, unaitaka ya nini? Neno moja tu, watu wawili wanaojuana, uwanja mmoja. Kwa sababu mkwe haulizwi anataka kitu cha nini. Babu alipotoka getini, baba alisubiri mpaka afike mbali, kwa heshima, ndipo naye ajiandae kutoka. Na katika kule kusubiri, ili asirudi mkono mtupu, alinunua kofia ya kike yenye manyoya ya ndege.

Nyumbani mama alikuwa amehamisha kitanda. Alikuwa amefagia pale dirishani, akamwagia maji vumbi litulie, na majirani wawili watatu walikuwa wamekaa na vitambaa vyao vikiwa vimekunjwa magotini, wanangoja kupimwa. Baba aliingia ameshika kofia mbele yake.

"Iko wapi?" aliuliza mama.

"Papa yako alikuwa kule."

"Papa yangu alienda kufanya nini mu vente?"

"Kununua, kama bengine. Anataka mashini ya muke wake mudogo. Ulitaka nipigane naye mbele ya bantu?"

Babu alikuwa na mke wa pili, mdogo kuliko mama kidogo tu kwa umri, na mama hakuwa na neno naye. Lakini siku ile nilimwona amekaa chini, pale pale penye maji, kitenge kikilowa, majirani wakiinuka mmoja mmoja na vitambaa vyao bila kuaga. Baba akamwekea kofia pembeni. Mama aliitazama, akaichukua, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaiweka chini ya kuku aliyekuwa anatafuta pa kutagia. Kuku akaipenda. Kesho yake asubuhi mama alishuka ziwani na kamba yake. Ile akiba iliyobaki ilikwenda dawa na sare za shule, na nyingine ilijifia tu mfukoni, maana pesa ya Zaïre haikumngoja mtu.

Nikamchukia babu. Nilimchukia kwa nguvu zangu zote za mtoto, ambazo si kidogo. Alipotuma miwa sikuila. Alipotuma siagi kwenye kibuyu, nilisema inanuka. Likizo tulipopelekwa Walungu nilimsalimia kwa ncha za vidole na kwenda kukaa na mbuzi. Msitegemee nijipige kifua hapa. Nilikuwa nimeona fimbo hewani, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejisumbua kuniambia fimbo ile ilikuwa inasema nini.

Cherehani niliiona tena mara moja. Mama alipata mzigo wa makaa wa kupeleka Muhumba, nami nikamfuata nimebeba kifurushi kidogo, na nyumba ikawa ni ile ile ya mnada. Maman Sifa alitufungulia mwenyewe. Pale barazani, mahali ambapo huissier alisimama, ilikuwa mashine, na juu yake kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa chungu cha maua.

"Tua pale pembeni, usinichafulie," alisema Maman Sifa, akaingia ndani kutafuta malipo.

Mama alitua gunia. Alisogea, kamba bado iko kipajini, imelegea. Akaweka mguu kwenye kanyagio, mguu mtupu wenye vumbi la makaa, akasukuma kidogo. Gurudumu kubwa la chini lilizunguka. Lile dogo la juu halikutingishika. Akasukuma tena. Mimi nilidhani mashine imemkataa kwa sababu si yake, kwamba vitu vya Wazungu vinajua mwenyewe.

"Haina mukanda," mama alininong'oneza. "Unaona? Hapa kunapita mukanda wa ngozi, unatoka chini unaenda juu. Bila ule, ni meza tu."

Maman Sifa akatokea. Mama alikuwa amekwisha kuondoa mguu, lakini alama ilibaki kwenye chuma, kisigino na vidole.

"Unajua kushona?" aliuliza Maman Sifa.

"Hapana, mama," akajibu mama yangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namwuliza kwa nini amedanganya, naye alizidi tu kupanda. Leo nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na nikiiona ile picha ya taa juu ya marumaru, najua. Kuna watu ambao huwezi kuwapa hata hilo la kujua kwamba unajua.

Babu alikufa nilipokuwa binti wa kutosha kubebeshwa mtungi msibani. Tulikwenda wote, na baba naye, kwa sababu msiba wa mkwe hauna kununa. Alikaa na wazee wa ukoo wa mama chini ya turubai, mgongo umenyooka, hatazami mtu. Mama alikuwa bado anabeba. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kufa kama alivyoambiwa, alikuwa anaushika kwa ule wa kulia akiuweka anapotaka ukae.

Baada ya kuzika na siku za matanga kupita, vitu vya marehemu vinatolewa na kugawiwa watoto. Tuliingia chumbani na yule mke mdogo, naye akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Alipolifungua, ile nafutalini ikanipiga usoni, na mkono wangu ukajikunja. Lilitoka koti la kanisani, likaenda kwa mjomba. Ikatoka blanketi. Mwishoni, kutoka chini kabisa, akatoa kitu kilichoviringwa, akampa mama.

Ulikuwa ni mkanda. Wa ngozi ya ng'ombe, mwembamba, mviringo, umekatwa kwa kisu kwa uangalifu wa mtu asiye na haraka, na ulikuwa umepakwa siagi mpaka ukawa laini. Umefungwa pamoja na kipande cha kamba ya mgomba chenye fundo mwishoni.

"Hii njo yako," alisema mke mdogo. "Alikata mu ngozi ya ule ng'ombe wake mweusi. Siku ya kuangalia bintu, mbele vente ianze, alienda kule Muhumba, akapima mashini na hii kamba. Akarudi anasema haina mukanda, mutoto wangu atashona na nini? Akakaa kukata."

"Haikuwa yako?" mama aliuliza. "Mashini?"

"Yangu? Mimi sijui kushona hata kifungo."

"Na juu ya nini hakuniambia?"

"Angekuambia kwa njia gani? Kwa mukwe asingeingia. Na kisha ile siku bwana yako naye alikuwa anaitaka. Muzee alisema, huyu anataka kuongezea bintu byake bya Bazungu. Alirudi hapa bila mashini, hakukula, akaficha mukanda."

Nilitegemea mama alie. Alisimama, akatoka nje na ule mkanda mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye turubai la wanaume, mahali ambapo binti wa marehemu haendi kusimama hivyo, na mimi nyuma yake. Baba alimwona, akaona alichoshika, na nadhani alielewa kabla ya neno, maana alipauka.

"Alikuwa ananinunulia mimi," alisema mama. "Na weye ulikuwa unaninunulia mimi. Juu ya nini haukumuuliza?"

Baba aliwatazama wazee, akatazama chini.

"Ningemuuliza je mukwe?"

Na wazee wale, ndugu za babu, wote, mmoja baada ya mwingine, wakaitikia kwa vichwa. "Ni kweli," wakasema. "Angemuuliza je? Ni kweli." Mmoja akaongeza kwamba huyo ndiye mkwe aliyelelewa, na kwamba siku hizi hawapatikani. Nilitamani turubai liwaangukie.

Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza kumsifu mume wake. Kisha akaukunjua ule mkanda, akaupitisha kwenye kipaji chake, pale penye mfereji, akaushika ncha mbili nyuma ya kichwa kwa mkono wake mzima na kuuvuta mbele yao wote, kama mtu anayejaribu kitu dukani. Ulizama ndani ya ule mfereji, ukapotea.

"Iko mwembamba," alisema. "Haiwezi beba kitu."

Akauondoa, akaufunga kiunoni juu ya kitenge, akachukua dumu na kushuka mtoni, kwa sababu wakwe wote wale, wazee na baba, walikuwa na kiu.